Masufuria ya Jirani Yangu

Sogeza kiti karibu, msikilizaji wangu, na chai yako uinywe ingali moto, maana mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na sina mazoea ya kueleza jambo kwa ufupi. Nataka kukusimulia habari za jirani yangu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda: misumari, mabati, saruji, mabomba, vitasa vya milango. Lakini kwetu Bongwe hakuna aliyemtaja kwa misumari. Tulimtaja kwa masufuria.

Nasema masufuria makubwa, ya kupikia harusi, hitima na maulidi. Yalikuwa manane, na lile kubwa kuliko yote mtu mzima angeweza kuketi ndani yake akaoga. Kuna aliyewahi kufanya hivyo, lakini nimeahidi kutomtaja. Pamoja nayo palikuwa na masinia, miiko mirefu kama makasia, mapipa ya maji, majamvi na turubai mbili. Vyote vilikaa katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu, na ufunguo nilikaa nao mimi. Mwenye shughuli alikuja akaazima, akapika, akarudisha, bila malipo yoyote. Mwislamu, Mkristo, mtu wa pwani, mtu wa bara, wote walikuwa sawa.

Jirani yangu alifariki mwaka huu baada ya kuugua siku chache, na familia ilipoanza kushughulikia mirathi likazuka swali moja: masufuria yale ni mali yake, yagawanywe kwa warithi na kuuzwa, au ni ya watu? Mjane wake hakuwa na haja na kitu kingine. Aliniambia, "Mwalimu, wakigawa hata kitanda changu nitalala chini. Lakini yale masufuria yasiuzwe." Nitakueleza mambo yalivyokwenda. Kwanza umjue mtu mwenyewe, ndipo utakapoelewa kwa nini swali hilo lilikuwa gumu.

Mwanzo wa masufuria hayo ulikuwa msiba. Alifariki bibi mmoja wa mtaani kwetu, na wakati ule vyombo vya kupikia watu wengi tulikuwa tukivikodi Ukunda. Mwenye kukodisha alituahidi asubuhi. Watu walikuwa wametoka Msambweni na Kikoneni tangu alfajiri, wamezika, wamerudi, wameketi majamvini, na mchele bado umo magunini kwa sababu hapakuwa na cha kuupikia. Vyombo vilifika baada ya sala ya alasiri. Jirani yangu siku hiyo aliketi karibu na mlango bila kusema neno, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana alikuwa msemaji kweli kweli.

Wiki iliyofuata pikapu ya dukani kwake ilisimama mbele ya nyumba yangu.

"Mwalimu, lile banda lako lina kuku?"

"Kuku wamekwisha. Nguchiro amewamaliza."

"Vizuri sana. Nimekuletea kuku ambao nguchiro hawawezi."

Nyuma ya pikapu palikuwa na masufuria mawili, yametiwa moja ndani ya jingine. Mengine yalifuata polepole, mwaka huu moja, mwaka ule moja, mpaka banda likajaa.

Usidhani alikuwa mpishi. Nieleze kidogo, maana huenda kwenu haiko hivi. Kwetu pilau ya shughuli hupikwa na wanaume, nje, juu ya kuni, na kila mtaa una mpishi wake mkuu ambaye siku hiyo hata mwenye harusi humwogopa. Jirani yangu alitamani sana kushika mwiko. Mara ya kwanza alipopewa zamu, aliwachekesha watu kwa hadithi zake mpaka wali ukashika chini, na harusi nzima ikala pilau yenye harufu ya moshi. Mpishi wetu mkuu, mzee mmoja mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, akamwambia mbele ya kadamnasi:

"Wewe bwana, Mungu amekupa mali, na moyo amekupa. Mkono hakukupa. Tuletee sufuria, kisha mkono utie mfukoni."

"Basi nikoroge mara moja tu, mzee wangu."

"Mfukoni!"

Tangu siku hiyo, kila penye shughuli alifika mapema, akashusha vyombo, kisha akaja kusimama mbele ya mpishi na kutia mikono yote miwili mfukoni kwa heshima kubwa, kama askari anayetoa ripoti. Watu walikuwa wakilingojea jambo hilo kabla hata ya kumngojea bibi harusi.

Alichokijua vizuri ni kusugua. Alikuwa na imani kwamba binadamu wengi hawajui kusugua sufuria, na kwamba ni wajibu wake kuwafundisha. Jivu la kuni, kumbi la nazi, maji kidogo, uanze chini kwenye kitako uje juu, usianze ukingoni. Nimemwona akiwaonyesha wanawake waliovaa nguo zao za harusi, amepandisha mikono ya kanzu, nao wamesimama wameshikilia mabuibui yao yasiguse jivu, wakimwambia, "Tumeelewa, baba, tumeelewa, inuka." Akimaliza aligonga sufuria kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Likitoa mlio mzuri, alitabasamu. Likitoa mlio mfu, alijua kuna ufa, na lilipelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo.

Sasa nikueleze desturi moja, kwa sababu bila hiyo hutaelewa mengine yote. Jirani akikuletea chakula katika sahani, sahani yake huirudishi tupu. Utaiosha, kisha utatia kitu ndani: maandazi mawili, embe, hata fungu la mchicha. Hayo si malipo. Ni namna ya kusema kwamba nimepata na nimekumbuka. Mama zetu walitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Jirani yangu alipoanza kuazimisha masufuria, hakufikiri hata kidogo kwamba watu wa Bongwe hawataweza kurudisha chombo kitupu, hata kikiwa na ukubwa wa kuogea mtu mzima.

Ikawa ni kicheko kila wiki. Sufuria moja lilirudi limejaa nazi. Jingine lilirudi na muhogo mpaka ukingoni, nao waliolibeba walikuwa wanne. Mtu mmoja wa Msambweni alirudisha lake na pweza wawili, nami nikafunua kifuniko bila kujua. Nilipiga kelele ambazo jirani yangu alizisimulia dukani kwake mwezi mzima, na kila siku alizirefusha. Mwengine alitia kuku hai akafunika. Tulipofunua tulimkuta kuku na yai. Na bibi mmoja, aliyekuwa amefiwa na mumewe na hakuwa na kitu kabisa, alirudisha sufuria likiwa limesuguliwa likang'aa, na katikati yake kifungu cha chumvi katika kipande cha karatasi. Jirani yangu alikichukua kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," alisema, "chumvi ilituishia jana."

Mkewe aliniambia baadaye kwamba nyumbani mlikuwa na chumvi ya kumtosha mtu kusafiri nayo hadi Makka na kurudi. Lakini tangu siku hiyo jirani yangu hakupita mbele ya nyumba ya bibi yule bila kusimama kumwamkia.

Wageni walitupa raha zaidi. Palikuwa na bwana mmoja wa bodaboda, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, aliyeazima sufuria kwa sherehe ya kanisani kwao. Alilirudisha amelifunga nyuma ya pikipiki kama gamba la kobe.

"Mathe, sufuria ndio hii. Nimeosha poa, hadi unaweza jiona."

Nikachungulia. Kweli lilikuwa safi. Jirani yangu alikuwa ameketi kibarazani kwangu. Naye akainuka, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Maskini. Sufuria hili lina njaa."

"Aaai, mzee! Si mlisema ni ya bure?"

"Ni la bure, mwanangu, wallahi ni la bure. Lakini halijala."

Yule bwana akanitazama mimi, akamtazama yeye, akalitazama sufuria. Nikamweleza desturi yetu taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Akacheka mpaka akaegemea pikipiki, akaondoka, na haukupita muda akarudi na mkate mmoja. Akautumbukiza ndani. Ulionekana kama kisiwa.

"Haya. Imekula."

Baadaye nilisikia kwamba ndiye aliyekuwa akiwaonya wenzake stejini: "Ukienda kwa yule mathe wa masufuria, usirudishe empty, watakucheka wewe na ukoo wako."

Huenda unajiuliza vitu hivyo vyote vilikwenda wapi. Kila Alhamisi jirani yangu alifunga duka adhuhuri. Asubuhi ya siku hiyo mkewe, mimi na wanawake wawili watatu tulikuwa tumekwisha kupika uani kwangu chochote kilichorudi na masufuria: muhogo wa nazi, wali na mchicha, siku ya pweza tulikula kifalme. Chakula kilitiwa katika sufuria moja, sufuria likapanda pikapu, na tukaenda hospitalini. Hatukuwapelekea wagonjwa. Wagonjwa wana chakula chao. Tuliwapelekea wanaouguza.

Hili nalo nilieleze. Mgonjwa akiletwa kutoka Lunga Lunga, au kutoka kule bara kwenye nchi kavu ya wafugaji, huja na mtu wa kumuuguza. Mtu huyo amefika na leso na nauli tu. Hulala pale nje, hufua, huombea, na mara nyingi hushinda hajala kwa sababu kila alicho nacho ni cha mgonjwa. Jirani yangu aliliona hilo mama yake alipolazwa, na hakuweza kulisahau. Basi alikuwa akipita nje ya wodi, ameshika upawa ambao shughulini alikatazwa kuugusa, akiwaamkia watu mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee wangu. Sahani hii."

"Mimi si mgonjwa, mwanangu," mzee mmoja alimwambia.

"Najua. Wagonjwa mimi nawaogopa. Mimi nawapa wazima."

Mzee alicheka, na alipokwisha kula alitaka kujua ni nani aliyemtuma bwana huyu. Jirani yangu akasema, "Tumetumwa na sufuria," akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo penye kosa lake, na nalitaja kwa mapenzi. Hakutaka kabisa kutajwa. Imamu wetu aliwahi kukusudia kumtaja msikitini baada ya sala ya Ijumaa, ili watu wamwombee dua. Jirani yangu aliposikia jina lake linakaribia, alitoka kwa mlango wa nyuma ameshika viatu mkononi. Alikuwa anaogopa ria, yaani kufanya jema ili watu waone. Aliniambia mara nyingi kwamba sadaka ikitangazwa hupungua uzito. Sisi tuliolelewa hapa tunafahamu hofu hiyo, na ni hofu njema. Lakini yeye aliificha sadaka yake vizuri mno, mpaka alipoondoka hata sheria haikuiona.

Nikueleze maana yake. Mwislamu akifa, mali yake ina wenyewe: mke, watoto wa kiume, watoto wa kike, kila mmoja na fungu lake lililowekwa. Hakuna ruhusa ya kuwa mkarimu kwa fungu la mwenzio. Lakini mtu anaweza, akiwa hai, kukitoa kitu kiwe wakfu. Kitu hicho hakirithiwi wala hakiuzwi. Hubaki kikitumiwa na watu, na kila kinapotumiwa thawabu humfikia aliyekitoa, hata akiwa kaburini. Ndiyo maana mjane wake aliyalilia masufuria kuliko kitanda. Alikuwa ndani ya eda, haendi popote, na nilipokwenda kumtazama alinishika mkono akasema, "Kila wakipika, na yeye anapata. Yakiuzwa, mlango wake umefungwa." Alilokuwa akilihitaji ni shahidi kwamba mumewe aliyatoa masufuria yale akiwa hai. Na jirani yangu hakuwa ameandika, wala kutangaza, wala kumwita mtu ashuhudie.

Mtoto wake mkubwa ana duka Lunga Lunga, na nakuomba usimfikirie vibaya. Ni mtu mwema, mwenye hofu ya Mungu, aliyerithi kila kitu cha baba yake isipokuwa maneno. Bwana mmoja anayekodisha vyombo vya sherehe alikuwa amemfuata kutaka kuyanunua masufuria yote kwa pamoja. Yule mtoto akaja kwangu kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, mimi si mchoyo. Ningekuwa peke yangu ningesema yabaki. Lakini mdogo wetu wa mwisho bado yuko shule ya msingi. Fungu la mtoto mdogo, mimi nitalitoa sadaka kwa idhini ya nani?"

Alikuwa na haki. Mkubwa anaweza kusamehe fungu lake, lakini la mtoto halisamehewi na mtu.

Arubaini ilipokwisha tulikutana asubuhi kwenye baraza ya nyumba yao: imamu wetu, yule mtoto mkubwa, dada yake aliyeolewa Kikoneni, na mimi mwenye ufunguo. Mjane alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha, anasikia. Yule bwana wa kukodisha alikuwa amesimama njiani na lori lake, anangoja.

Imamu akaniuliza, "Mwalimu, uliwahi kumsikia marehemu akisema kwamba vyombo hivi amevitoa?"

"Nilimsikia mara moja."

"Tueleze."

Nikaeleza. Ilikuwa siku chache kabla ya harusi ya binti yake, huyu huyu wa Kikoneni. Nilikuwa kibarazani nachambua mchele, nikasikia hodi. Nikamwona jirani yangu amevaa kanzu na kofia, amesimama nje kama mgeni, mtu ambaye siku zote alikuwa akiingia kwa mlango wa uani huku akipiga kelele. Akaniamkia, akauliza hali, akauliza afya ya watoto wangu mmoja mmoja. Kisha akasema amekuja kuazima masufuria ya harusi.

Nikacheka. "Unaazima vyako?"

Hakucheka. "Kuna aliyetangulia kwa siku hiyo?"

Kwa kweli alikuwapo. Familia moja ya mtaa wa juu ilikuwa na hitima siku ile ile, na walikuwa wamekwisha kuchukua ahadi ya masufuria matano. Nikamwambia nitawaeleza wapunguze, watafahamu, hii ni harusi ya binti yake. Akanikataza. Akasema maneno haya, na nayakumbuka kwa sababu alikuwa hacheki: "Mwalimu, vile vyombo nilikwisha kuvitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nikichukua bila kuazima, au nikimruka aliyetangulia, nimeiba." Akachukua matatu yaliyobaki, na mengine akayakodi Ukunda kama mtu yeyote.

Nilipomaliza, imamu akanigeukia.

"Nakusadiki, mwalimu. Lakini uko peke yako, na ufunguo uko kwako. Kuna mwengine aliyesikia?"

Sote tukamgeukia binti.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa bibi harusi! Nimefungiwa chumbani wiki nzima, nasingwa mwili kwa liwa ya kunukia na kuambiwa nisicheke. Hata baba mwenyewe sikumwona."

Hata imamu alitabasamu. Lakini mimi moyo ulinishuka, kwa sababu sikumjua shahidi mwengine. Njiani yule bwana wa lori alitazama saa yake.

Imamu akauliza, kwa sauti ya mtu anayefunga daftari lake, "Na baada ya harusi, vyombo alivirudishaje?"

"Kama wanavyorudisha watu wote," nilisema. Nilikuwa nataka kuendelea, lakini imamu aliniinulia kidole, kwa maana yule mtoto mkubwa alikuwa ameinua kichwa.

"Ndizi," alisema.

Tukamtazama.

"Mkungu wa ndizi. Mimi ndiye niliyeubeba." Alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Siku ya pili ya harusi baba aliniamsha, akanitwisha mkungu mzima wa ndizi begani nikiwa na kanzu yangu mpya ya harusi. Nikamuuliza, baba, tunapeleka wapi? Akasema, bandani kwa mwalimu, tutie ndani ya sufuria, chombo cha watu hakirudi kitupu. Mimi nilikasirika, shehe. Utomvu wa ndizi ulikuwa unanishukia mpaka kiunoni. Nikamwambia, baba, hivi vyombo si vyetu wenyewe? Tunajizawadia ndizi?"

"Naye akasemaje?"

Nikaona uso wa yule mtoto unabadilika kama wa mtu aliyefungua kabati akakuta kitu alichokuwa akikitafuta miaka. "Alisema, si vyetu. Akasema nilivitoa kwa Mungu siku niliyovinunua, kimoja kimoja. Wewe beba. Mimi nilikuwa nashughulika na kanzu, sikuyatia maanani."

Kutoka nyuma ya pazia tukasikia kikohozi, kisha sauti ya mjane, ya kulia na kucheka kwa pamoja.

"Kanzu ile niliifua mara tatu! Utomvu haukutoka! Nilimgombeza baba yako siku nzima, nikamuuliza kwa nini hukubeba mwenyewe, akaniambia mkono wake uko mfukoni!"

Baraza nzima ikacheka, na imamu alilazimika kuvua miwani akaifuta. Alipotulia alitueleza kwamba mrithi anaposhuhudia jambo linalompunguzia fungu lake mwenyewe, ushahidi huo una uzito mkubwa, na kwamba sasa haulizi tena. Masufuria ni wakfu. Hayakuwa ya marehemu siku alipokufa, kwa hiyo mtoto mdogo hajapunguziwa chochote. Hakuna fungu lake humo. Yule mtoto mkubwa akavuta pumzi ndefu, akaenda dirishani akasema na mama yake maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akatoka njiani kumwambia bwana wa lori kwamba masufuria hayauzwi. Yule bwana hakukasirika. Aliuliza tu kama ni kweli kwamba mtu yeyote anaweza kuazima.

Ijumaa ile imamu alisimama msikitini akalitangaza jambo lenyewe wazi, kwa jina la marehemu, na safari hii hapakuwa na wa kutoka kwa mlango wa nyuma. Mjane anaendelea na eda yake, ana afya, na kila Alhamisi hunitumia bizari ya chakula cha hospitalini, maana bado tunapika. Masufuria mawili yako kwenye harusi ninapokusimulia haya. Nasikia ngoma kutoka hapa.

Nimefikiri sana juu ya jirani yangu. Alifanya vizuri kuogopa sifa, na sikushauri uzitafute. Lakini sisi tulikaribia kuipoteza sadaka yake kwa sababu ya unyenyekevu wake, na kilichotuokoa ni utomvu wa ndizi. Mtu mwengine huenda asiwe na bahati hiyo. Kwa hiyo ukiwa nawe una kitu ulichokwisha kukitoa moyoni, kiwe ni shamba, kisima, cherehani au kitabu, usikiache moyoni. Leo kabla ya magharibi waite watu wawili unaowaamini, mmoja wao awe mrithi wako, uwaonyeshe kitu chenyewe kwa mkono, useme kwa sauti kwamba umekitoa na umekitoa kwa ajili ya nani, kisha uandike hayo kwenye karatasi, nyote watatu mtie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake.